Mume Mwanajeshi na Cheti Kilichobaki Sandukuni



Wengi wenu mnatujua kwa mashela na mabuibui. Kwa miaka kadhaa sasa sisi wa cherehani tunatoka Unguja tunakwenda Kigoma, na kutoka Kigoma mjini tunapanda mpaka Kasulu na Kibondo, tunapeleka nguo za harusi na kurudi na vitenge. Kule milimani asubuhi kuna baridi, migomba kila upande, na wateja wanalipa kidogo kidogo mpaka deni linakwisha. Tukiwa tunapima mabega na viuno, tunasikia mengi. Na moja tumelisikia mara nyingi mno, kule na huku kwetu: wanawake wengi walioolewa na wanajeshi hawazijui haki zao, na wachache wanaozijua hawana karatasi za kuzidai.

Rai yetu ni hii. Serikali inawalipa wastaafu wa jeshi, na mstaafu au askari akifariki familia yake ina haki. Hiyo haki si sadaka wala hisani ya mtu. Lakini mlango wake unafunguliwa na karatasi, na mwanamke wa kijijini Kibondo ndiye wa mwisho kuwa na karatasi. Kwa hiyo pana kazi mbili. Moja ni yetu wanawake, tena ianze kabla ya nikah. Ya pili ni ya serikali, na hatutaki iikwepe kwa kusema wanawake hawajui kufuatilia.

Kwanza tujue mlango ni upi

Kosa la kwanza ni kudhani kila mwenye sare analipwa dirisha moja. Mwalimu, nesi na askari polisi wanaoajiriwa na Serikali ya Muungano mafao yao yako PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Mwanajeshi wa JWTZ, jeshi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, pensheni yake hulipwa na Hazina, yaani Wizara ya Fedha. Mwenye mume KMKM au JKU, hizo ni idara za Serikali ya Mapinduzi, na mlango wake uko hapa hapa Zanzibar. Mjane anayezungushwa kutoka ofisi hii mpaka ile mara nyingi alianza na mlango usiokuwa wake, na kila safari ni nauli.

Anapostaafu, mwanajeshi hupata kiinua mgongo, yaani fedha za mkupuo, na baadaye pensheni ya kila mwezi. Ili pensheni iendelee, mstaafu hutakiwa kujitokeza Wizara inapofanya uhakiki, akiwa na vitambulisho na barua zake halisi. Uhakiki huu una maana, kwa sababu zamani walikuwepo marehemu waliokuwa wakiendelea kulipwa. Lakini mzee mgonjwa aliyelala Kibondo vijijini, ambaye tangazo halikumfikia, anaweza kujikuta pensheni imesimama ilhali yeye yuko hai. Mke ndiye anayepaswa kuisikia redio na kumuuliza mtendaji.

Kwa wanaokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, kuna na jambo jingine. Tarehe 13 Julai 2013 wanajeshi 7 wa Tanzania waliuawa Darfur. Tarehe 7 Disemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, na baadhi yao walikuwa watoto wa visiwa hivi. Tunawaombea Allah awarehemu. Kwa askari anayefia katika kazi hiyo, Umoja wa Mataifa una fidia, na fedha hiyo hupitia serikali ya nchi yake kabla ya kuifikia familia. Sasa jiulize: ikifika, familia ni nani? Ni yule aliyeandikwa. Kama kwenye kitabu cha jeshi umeandikwa mama mzazi peke yake, na wewe mke hujulikani, utaanza kuthibitisha ndoa yako siku ambayo macho hayajakauka.

Kwa nini mjane wa Kasulu hukosa

Tuwe wakweli kuhusu huko milimani. Buha ni nchi ya wanaume waliozoea kuondoka. Enzi za wakoloni waliondoka kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, na siku hizi kijana huanzia JKT, kwa mfano kambi ya Mtabila upande wa Kasulu au Kanembwa upande wa Kakonko, akiomba Mungu achaguliwe kuingia jeshini. Akichaguliwa, anapelekwa mbali. Mke anabaki na mama mkwe, shamba la maharage na simu.

Kikwazo cha kwanza ni ndoa yenyewe. Mwanajeshi hana uhuru wa mwenye duka. Kuoa kwake kunahitaji kibali cha wakuu wake. Kijana anaona mambo yanachelewa, anafunga nikah kimya kimya nyumbani kwa wakwe, kwa nia njema kabisa, na anasema karatasi zitafuata. Mbele ya Allah, ikiwa nguzo zimetimia, huyu ni mkewe. Mbele ya karani wa Hazina, hayupo.

Kikwazo cha pili ni uraia. Kasulu na Kibondo zinapakana na Burundi, na lugha ya Kiha na Kirundi ni ndugu. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilijengwa katika wilaya hizo hizo. Kwa hiyo mwanamke wa Kiha akienda kuomba kitambulisho cha taifa huulizwa babu yake alizaliwa wapi na nani anamjua, maswali ambayo msichana wa Michenzani haulizwi. Hatusemi maafisa wasiulize. Nchi ina mipaka yake. Tunasema kwamba mume wa mwanamke huyu ameaminiwa kushika bunduki ya Jamhuri, na mkewe miaka inapita bado anaambiwa alete shahidi mwingine.

Cha tatu ni watoto. Mtoto aliyezaliwa nyumbani au zahanati ya mbali mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. RITA ina mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata, na ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye baba yake amefariki hayumo katika mpango huo, na yeye ndiye anayehitaji ada na daftari.

Cha nne ni mahakama. Huku Zanzibar mtu akifiwa anaijua Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Bara hakuna mahakama ya kadhi ya serikali. Mjane Mwislamu wa Kasulu atakwenda Mahakama ya Mwanzo, na pale ataulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo kinachomteua msimamizi wa mirathi. Ukoo ni wa mume. Kama shemeji hawakupendi, kikao hakikaliki. Na msimamizi akishateuliwa anatakiwa arudi mahakamani kuonyesha orodha ya mali na hesabu ya namna alivyogawa. Wanawake wengi hawajui kwamba wana haki ya kuiulizia hesabu hiyo.

Halafu kuna eda. Mfiwa anakaa miezi minne na siku kumi, kwa agizo la Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 234. Tumeona wakwe wanaitumia eda kumfungia mjane ndani huku wao wanazunguka na nyaraka. Dada zetu, wanazuoni wengi wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima, kisha arudi kulala kwake. Muulize shekhe wako mapema, usingoje kuulizia siku ya msiba.

Waliopigana bila kuajiriwa

Kuna kundi ambalo linatuuma zaidi, nalo ni wazee wa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la kudumu halikutosha. Makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kutoka mikoani: wakulima, wavuvi, vijana wa vijijini. Walikwenda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waliokufa wengi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai nchi inawakumbuka Siku ya Mashujaa.

Waliorudi walirudi shambani. Mgambo hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo hakuwa na pensheni ya kumngojea uzeeni. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amezaliwa 1958, leo ni mzee. Mkewe aliyekaa na mtoto mgongoni akisubiri habari naye ni bibi. Suala lao limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na ugumu unaorudi ni ule ule: nani alikuwepo, na ana uthibitisho gani?

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya visiwa na bara. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016: kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa mpaka 50,000. Bibi zetu hawaulizwi kama waliajiriwa. Hawaulizwi walipigana vita gani. Umri na ukaazi vinatosha, sheha anakujua. Fedha hiyo haijengi nyumba, lakini inanunua mchele na dawa ya presha, na inamfanya bibi awe na sauti ndani ya nyumba. Mzee wa mgambo Kasulu hana pensheni ya namna hiyo. Tegemeo lake ni kuingizwa TASAF kama kaya maskini, na matibabu ya bure ya wazee wasiojiweza iwapo dawa ipo. Yaani aliyeitetea nchi anasaidiwa kwa sababu ni maskini. Kwamba alipigana, hilo halimo kwenye hesabu. Hilo tunaliona si haki.

Na si jambo jipya. Waafrika waliokwenda Burma na KAR wakati wa Vita Kuu ya Pili walirudi na malipo ya mara moja, madogo kuliko ya Mzungu wa cheo kile kile. Uingereza ilingoja mpaka mwaka 2018 kutangaza fedha za kuwasaidia wakongwe wa Jumuiya ya Madola wapate angalau milo miwili kwa siku. Fikiria, zaidi ya miaka 70 baadaye! Wengi walikwishazikwa. Tusiwafanyie wazee wa Kagera vile vile. Jirani zetu wamejaribu: Uganda iliunda bodi ya kuwasaidia wapiganaji waliopunguzwa jeshini mwaka 1992, na Kenya ikapitisha sheria ya wastaafu wa jeshi mwaka 2022. Hatusemi kwao kila kitu kimenyooka, tunasema wameliandika jambo hili peke yake, likaonekana.

Wake wawili, mlango mmoja

Sasa tuseme lile ambalo hatupendi kulisema. Mwanajeshi Mwislamu huhamishwa. Ana mke Fuoni na mke Kasulu, na sheria yetu ya dini na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya bara zote zinaitambua ndoa ya wake wengi. Ugomvi unazuka anapokufa. Mke mkubwa anashika vyeti, mdogo anashika picha za harusi.

Suratun Nisaa, aya ya 12, imekwishagawa. Mume akiacha mtoto, wake wanapata thumni, na kama ni wawili wanagawana hiyo hiyo thumni. Asipoacha mtoto, ni robo. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kumficha mwenzake. Kumnyima mke mwenzio cheti cha kifo ili asiandikwe ni kula mali ya mayatima wake, na hakuna biharusi anayetaka kuanza safari ya akhera na mzigo huo.

Kuna pia tofauti ambayo masheikhe wengi huielezea. Kile alichokuwa anastahili marehemu kabla hajafa, kama kiinua mgongo ambacho hakijalipwa, ni mali yake na kinaingia katika mirathi. Kile ambacho serikali inawapa wategemezi baada ya kifo kwa mujibu wa sheria yake, kinakwenda kwa wale iliowataja. Tusichanganye vitu hivi viwili, wala tusimwachie shemeji mmoja atuchanganyie.

Biharusi, haya uyafanye

Tunashona shela la laki kadhaa, tunalipa mpambaji, tunalipa keki, halafu cheti cha ndoa kinakaa sandukuni chini ya khanga au hakikuchukuliwa kabisa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, ni aya ya kuandikiana. Basi:

Kabla ya nikah, muulize mchumba wako kama kibali cha wakuu wake kimepatikana. Walii wako aulize pia. Si ukosefu wa adabu. Ni sehemu ya kumjua mtu.

Siku ya nikah, hakikisha majina yako kwenye cheti yanafanana herufi kwa herufi na kitambulisho chako. Zuhura wa cheti na Zuhra wa kitambulisho ni watu wawili kwa karani.

Baada ya nikah, nakala ya cheti ipelekwe kikosini, na mumeo akuonyeshe kwamba umeandikwa. Kila mtoto akizaliwa, cheti chake kifuate njia hiyo hiyo. Huku Zanzibar usajili uko kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, bara ni RITA.

Andika mahali pa siri ila panapojulikana: namba yake ya jeshi, kikosi chake, tarehe ya kuajiriwa, benki yake. Tumekutana na wajane wanaolijua jina la kikosi cha mume kwa mzaha tu, lile la vijiweni.

Na mwambie aandike wasia. Wasia haubadilishi mafungu ya warithi wala hauzidi thuluthi, lakini unataja madeni, unataja watoto wote, na unataja wake wote. Mwanamume anayeogopa kuandika jina la mkewe wa pili anamwachia vita mke wa kwanza.

Tunachokiomba serikali

Hatuombi makubwa. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa jeshi anayekaa karibu na watu. Kasulu yupo, Kibondo yupo. Apewe kazi ya kuwa dawati la wajane na wastaafu: apokee nyaraka, azithibitishe, azitume, na ampe mama jibu la maandishi. Mjane asisafiri siku mbili kwenda kuambiwa karatasi moja imepungua.

Askari anapokwenda likizo au anapoandaliwa kwenda ulinzi wa amani, kumbukumbu za familia yake zihuishwe kwa lazima, kama anavyolazimika kupimwa afya. Mke ajulishwe kwa simu kwamba ameandikwa.

Mke na watoto wa mwanajeshi anayetumikia wasaidiwe kupata kitambulisho cha taifa bila kuzungushwa. Kama shaka ipo, iulizwe na imalizwe kwa muda unaojulikana.

Na wazee wa mgambo wa Kagera waandikwe sasa, wangali hai, vijiji kwa vijiji. Hawana vyeti, lakini wana mashahidi: waliokwenda nao, makovu yao, na wake waliowasubiri. Miaka kumi ijayo mashahidi hao hawatakuwepo. Kisha bara nayo ifikirie pensheni ya wazee wote kama ya huku, maana hiyo ndiyo itakayomfikia hata yule ambaye shahidi wake wa mwisho amekwishakufa.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Huenda. Lakini kuandika jina la mama kwenye kitabu hakuhitaji bajeti ya trilioni, na sehemu kubwa ya tunayoyalalamikia ni majina yasiyoandikwa.

Dada, ukimaliza kusoma hapa, inuka ufungue sanduku. Cheti chako kama kipo, kitoe nakala mbili, moja umpe mama yako. Kama hakipo, kesho ni siku ya kazi, nenda ukakiulizie. Na kama una wifi, shoga au mke mwenzio huko bara aliyeolewa na mwanajeshi, mpigie umweleze haya.

Allah awarehemu waliotangulia, awape subira wajane wetu, awalinde walioko mipakani na ughaibuni, na azifanye ndoa zetu kuwa za kheri na amana. Amin.